Mlo wa mafuta kwa mtoto mwenye kifafa sugu

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mwanao wa miaka 5, ambaye dawa mbili hazijamtuliza kifafa, unaweza kumwachisha ugali na kumpa vyakula vya mafuta. Mlo huo upo kweli, unaitwa ketojeniki, na madaktari wanautumia tangu 1921. Takribani nusu ya watoto wanaoufuata hupungukiwa na kifafa kwa nusu au zaidi.

Lakini usiuanze kienyeji. Kuna watoto ambao miili yao haiwezi kuchoma mafuta, na hao mlo huu huwadhuru vibaya. Ndiyo maana hupimwa damu kwanza. Halafu chakula hupimwa kwa mizani: gramu 4 za mafuta kwa gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Andazi moja la bibi (na mabibi hawaambiliki) linaweza kurudisha kifafa siku hiyo hiyo. Hata dawa ya maji ya kikohozi mara nyingi huwa na sukari, nayo sukari ni wanga.

Tafuta daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto na mtaalamu wa lishe, mjaribu kama miezi 3. Dawa zake usipunguze hata kidogo mpaka daktari aseme.