Nilimfundisha kazi, leo ananiita mchawi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Nilimpokea binti wa upande wa mume wangu kutoka kijijini, nikamfundisha kushona kuanzia kutia uzi mpaka kukata gauni la kitenge, nikamdhamini kwenye kikoba akakopa laki nne akanunua cherehani yake. Saa hizi kafungua kibanda mtaa wa pili, marejesho halipi, wananikata mimi kwenye hisa zangu, na bado anawaambia wateja kwamba natumia chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela za watu. Mchungaji kasema nisamehe, sawa, lakini ndo ninyamaze tu? Na kuna mtoto wa jirani anaomba nimfundishe, moyo umekataa kabisa.
Mama Wawili, Mwanza

JIBU: Amina, na pole sana mama. Kuitwa mchawi na mtu uliyemlisha kunauma kuliko hata hiyo hela, siwezi kukwambia usiumie.

Mchungaji wako yuko sahihi, 1 Petro 2:20, ile ya kutenda mema ukateswa na ukavumilia, ipo na wala haijafutwa. Ila soma na Matendo 16, maana Paulo na Sila yaliwapata kama yako, wamemtoa pepo kijakazi mmoja, yaani wamefanya jema mchana kweupe, malipo yake wakapigwa bakora wakatiwa ndani na miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wakaomba na kuimba. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu waachiwe kimyakimya, Paulo akagoma, akasema wametupiga hadharani bila hukumu na sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe, na kweli walikuja wakawasihi. Kwahiyo mtu aliyeimba usiku ndo huyohuyo aliyedai haki yake asubuhi, na kote kuwili hakukosea. Makanisani tunahubiri usiku tu, asubuhi tunairuka, na wanaoumia ni kina mama kama wewe.

Kisasi ndo usiguse. Usimseme kwa mteja hata mmoja, hata kama unajua gauni gani kaliharibu na la nani, hilo muachie Mungu kama Warumi 12 inavyosema. Ila kunyamaza hujaagizwa. Mathayo 18:15 Yesu kaweka utaratibu, nenda kwake mkiwa wawili tu, siyo kwa meseji wala kwenye grupu la ukoo, mwambie umesema hivi na hivi na umeniumiza. Akigoma rudi na mume wako, maana ni ndugu yake, pamoja na mzee wa kanisa mmoja. Ikishindikana ndo kanisa lijue.

Na hilo neno la uchawi usilichukulie poa hata kidogo. Kanda ya Ziwa unajua wenyewe, kina mama wameuawa kwa kusingiziwa tu, ukisikia maneno yamegeuka vitisho usisubiri Jumapili, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi siku hiyohiyo.

Deni lipeleke kwenye kikao cha kikoba, aitwe, katiba ya kikundi isomwe mbele yake, apangiwe namna ya kulipa. Ukiweza kumsamehe hela yako ya mfukoni ni wewe na Mungu wako, ila asije mtu akakwambia kudai ni kukosa upendo. Na kumsamehe siyo lazima arudi kula kwako kama zamani. Daudi aliuokoa mji wa Keila mikononi mwa Wafilisti, halafu Mungu akamwambia watu walewale watamtoa kwa mfalme Sauli aliyekuwa anamsaka amuue (1 Samweli 23), hakuwachomea mji na wala hakubaki pale, alichukua watu wake kama 600 akaondoka zake.

Huyo mtoto wa jirani mfundishe mama, yeye hajakukosea kitu. Ila mwite na mzazi wake, mkubaliane miezi ya kujifunza na ada hata kama ni ndogo, muandikishane, na siku akitaka mkopo mzazi ndo amdhamini, wewe usisaini.