Wanakiimba kitabu cha picha, hawakisomi

Habari mwalimu. Umesema wanafunzi wako wa darasa la kwanza, 60 na zaidi, wanatamka kila ukurasa wa kitabu cha picha bila kukosea, lakini ukiandika neno lilelile ubaoni hawalijui. Kwangu ilikuwa hivyohivyo.

Kwanza angalia mtoto wa dawati la nyuma anaona nini. Wangu hawakuwa wakiona hata picha, walifuata sauti za wenzao tu. Nikaanza kuwakalisha mkekani kwa makundi ya 15, wengine wakichora.

Siku ya kwanza ziba maneno kwa karatasi. Waulize: huyu kuku anakwenda wapi? Mbona mama ameshika ufagio? Waache wabishane, hata kwa lugha ya nyumbani. Hapo ndipo hadithi inakuwa yao. Kesho yake fungua maneno, wasome huku kidole kikifuata. Kisha andika sentensi moja kwenye vipande vya boksi, neno kwa neno, uvichanganye, wavipange upya. Aliyekariri atakwama hapo, nawe utajua silabi gani zinamsumbua.

Usikimbilie kitabu kipya. Mimi kimoja hukaa nacho wiki nzima. Darasa la awali sijawahi kufundisha, walioko huko watakuongezea.