Piramidi ambayo Maslow hakuichora

SWALI: Nasimamia karakana yenye mafundi cherehani 14. Kwenye semina tulionyeshwa piramidi ya Maslow, mchoro unaopanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi, ya mwili chini kabisa na kutimiza kipaji juu, mkufunzi akasema fundi ambaye mshahara haumtoshi hana haja ya kuthaminiwa wala kushirikishwa. Eti tumalize kwanza ngazi ya chini. Mwaka huu sina uwezo wa kuongeza mishahara. Je, hayo mengine niyaweke kando?

JIBU: Usiyaweke kando. Piramidi hiyo inanichosha, maana kila ninapokwenda naikuta imetangulia. Makala ya mwanasaikolojia Abraham Maslow ya mwaka 1943, iliyoeleza nadharia hii, haina piramidi yoyote. Aliyeitumia kuwafundishia mameneja, mwaka 1960, ni mwanasaikolojia mshauri aitwaye Charles McDermid. Maslow mwenyewe aliandika wazi kuwa haja moja haingoji nyingine itoshelezwe kabisa. Akatoa mfano, kwa tarakimu za kukadiria tu: mtu wa kawaida huenda ametosheka asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujithamini na 10 katika kutimiza kipaji chake. Yote hayo anayo kwa wakati mmoja.

Nenda msibani uone. Asiye na unga wa kesho anatoa rambirambi, kwa sababu kuhesabiwa miongoni mwa watu ni haja yake leo, njaa ikiwepo.

Hata hivyo, heshima hailipi kodi ya nyumba, wala usiitumie kufunika mshahara mdogo. Tarehe ya malipo iwe moja, isisogee. Huo ni usalama, na hauhitaji nyongeza. Wape mafundi nafasi ya kupanga wenyewe nani anakata na nani anashona. Nguo ikirudi na kasoro, mwite aliyeishona pembeni, si mbele ya mteja.

Linalonikera zaidi ni jinsi picha hii inavyogeuzwa kibali cha kuwadharau wenye kipato kidogo. Nimeiona kwenye miradi ya misaada: wanakijiji wapewe chakula kwanza, maoni yao baadaye. Nimeiona shuleni: mtoto wa maskini anahitaji uji, sifa ataipata akishiba. Wauza semina wanaipenda kwa kuwa inaenea kwenye slaidi moja na haimdai meneja chochote. Mkufunzi wako akirudi nayo, mwombe akuonyeshe ukurasa ambao Maslow aliichora.