Sakafu ya karakana ya kuchomelea nyumbani: nimepita kwenye vigae na niru, nimetulia kwenye zege tupu

Mkuu mleta mada, umesema una banda la mita 4 kwa 6 nyuma ya nyumba, unataka kuanza kuchomelea mageti na madirisha, na hujaamua kati ya vigae, epoksi (rangi ngumu ya plastiki ya sakafu) na niru (safu nyembamba ya saruji inayong'arishwa juu ya zege). Mimi huu ni mwaka wa tisa nachomelea nyumbani, Kihonda hapa Morogoro, na mbili kati ya hizo nimezikanyaga kwa hela yangu. Ushauri wangu ni zege tupu, nene, linalomalizwa kwa mwiko siku ileile linapomwagwa. Juu yake usiongeze kitu. Hela ya vigae iingize kwenye unene wa zege.

Nilianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo, kina vigae tayari, nikaona nimepata urahisi maana vinafagilika vizuri. Wiki ya kwanza ncha ya engo, kile chuma cha pembe, ikaniponyoka na kutoboa kigae katikati. Halafu cheche za grenda: zile ni punje za chuma cha moto, zikitua kwenye kigae zinajipachika kwenye ule mng'ao. Ukipitisha kiganja unahisi vipele. Masika ilipoingia vipele vikashika kutu, chumba kizima kikawa na madoa mekundu ambayo hata brashi ya waya haikuyatoa. Sura ningeivumilia. Kilichonitoa ni utelezi, kwa sababu vumbi la chuma juu ya kigae linateleza kama mtama uliomwagika. Niliteleza nikiwa nimeshika grenda, diski inazunguka. Nashukuru Mungu iliangukia upande wa pili. Vigae nilivivunja wiki hiyohiyo.

Epoksi sijaweka kwangu, ila nimefanya kazi kwenye gereji ya mteja iliyopakwa. Kila cheche iliacha nukta ya kahawia, na pale kipande cha moto kilipodondoka rangi ikavimba na kutoa moshi unaochoma koo. Kwa kuegesha gari inapendeza. Kwa kazi yetu unatandaza plastiki chini ya moto.

Niru ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa niliiamini. Fundi alimwaga jamvi, yaani zege la sakafu, akarudi baada ya siku kadhaa kupiga niru juu yake. Iling'aa kweli. Kabla ya mwaka kuisha ukiigonga kwa nyundo inalia kama debe tupu, na nikinyoosha chuma chini inabanduka vipande kama sahani. Safu ile nyembamba ilikuwa imelala tu juu ya zege lililokwisha kukauka, haikushikana nalo.

Kuna na hili, usilipite haraka. Siku moja nilikata pleti ya chuma kwa gesi nikiwa nimeilaza sakafuni. Sakafu ikalipuka, paaa! Kipande kikanipiga chini ya goti kupitia suruali ya jinzi. Zege hata likiwa kavu lina maji ndani yake. Moto mkali ukilishika ghafla, maji yanageuka mvuke, na mvuke usipopata njia unalipasua. Hata hilo zege ninalokusifia litakufanyia hivyo. Ukikata kwa gesi inua kazi juu ya stendi, na chini yake weka pleti nene ya chuma au karai la mchanga mkavu. Usitandike bati la paa, lina zinki, na moshi wake ukiuvuta unakulaza na homa usiku.

Sasa ya kwangu ya leo. Tulishindilia kifusi hadi kikagoma, tukatandika nailoni ili unyevu usipande, tukalaza waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege), tukamwaga sentimita 10. Uwiano ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa banda lako hiyo ni kama mifuko 15 au 16 ya kilo 50. Simamia maji mwenyewe. Vijana wanapenda zege la uji kwa sababu ni rahisi kusukuma, lakini likikauka linatoa vumbi maisha yake yote. Lita 25 kwa mfuko zinatosha. Tulivuta kwa rula ya alumini, tukasubiri maji ya juu yapotee, ndipo fundi akapita na mwiko wa chuma mara mbili, akikandamiza. Kesho yake tukakata mistari kila mita 3 hivi, ili likitaka kupasuka lipasukie hapo. Kisha magunia yaliyoloweshwa siku 7. Mashine na vyuma vizito viliingia baada ya siku 28, japo wateja walikuwa wananipigia simu kila asubuhi.

Unyevu nausisitiza kwa sababu ya umeme. Mashine nyingi za kuchomelea kwa vijiti, kabla hujagusisha kijiti kwenye chuma, zinakaa kati ya volti 50 na 80, na zege lililolowa linapitisha umeme. Mimi nasimama kwenye ubao mkavu, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) naibana kwenye kazi yenyewe, na mvua ikiingia ndani sichomelei. Mafuta yakimwagika nayafuta kwa pumba za mbao na kuzitoa nje papo hapo. Petroli na thina hazivuki mlango wangu, maana cheche za grenda zinaweza kuruka mita 10.

Sakafu kuinama kidogo kuelekea mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, hakuharibu geti. Kinachoharibu ni mabonde. Geti ukiliunganisha juu ya bonde linatoka limepinda, na utaligundua kwenye nguzo za mteja.

Kama banda tayari lina jamvi, kabla hujavunja chochote funga kamba mbili kona kwa kona, zivute zikaze, kila ncha iwe juu ya kipande cha skweapaipu (bomba la mraba) cha saizi moja. Katikati zinatakiwa zigusane bila kusukumana. Halafu pima kutoka kwenye kamba hadi chini kila nusu mita, uandike, ndipo utaona mabonde yalipo. Ukishapata vipimo viweke hapa tuvione, na useme jamvi lina unene gani.