Jibu: Haidrenja ya kutambaa yenye majani ya manjano

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini haidrenja ya kutambaa, mmea wa maua unaopanda ukutani, uliyoipanda chini ya ukuta wa mawe ya matumbawe, huko Nyali, Mombasa, ina majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, na kwa nini haijatoa ua hata moja.

Kagua udongo kwanza. Ardhi iliyo chini ya ukuta kama huo imejaa chokaa, na chokaa huyafunga madini ya chuma hata mizizi ikashindwa kuyafyonza; ndiyo maana jani hufifia ilhali mishipa yake inabaki ya kijani. Mimi mche wa namna hiyo huuhamishia kwenye chungu kikubwa chenye mboji ya majani yaliyooza vizuri, nikauweka kivulini na kuumwagilia maji ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa vilevile. Majivu ya jikoni usitie kabisa, maana yatazidisha tatizo.

Kuhusu maua, sitakuficha: mmea huu asili yake ni misitu ya Japani na Korea, hupukutisha majani na kupumzika wakati wa baridi, nasi hapa ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 18. Majani yatapona, maua siwezi kukuahidi. Ukitaka ukuta uliochanua, panda bogenvilia upande wa jua, ingawa itakubidi uifunge kwa waya, kwani haina mizizi ya kushika ukuta kama haidrenja.