RAM ya GB 16 kwenye mazabodi ya H61

Ndugu yangu wa Ngamiani, Tanga, umeuliza kama kipande kimoja cha RAM cha GB 16 kitafanya kazi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipseti ya Intel H61: usikinunue. H61 ina nafasi mbili za RAM, na kila nafasi inapokea GB 8 tu, jumla 16. Kinachokataa ni kidhibiti cha memori ndani ya prosesa: hakisomi chipu za gigabiti 8 za DDR3 (aina ya RAM inayotumika hapa), ambazo ndizo zinazounda kipande cha GB 16, kwa hiyo skrini inabaki nyeusi. Chukua vipande viwili vya GB 8, na uepuke vya seva. Kama Windows yako ni ya biti 32, badilisha kwanza iwe ya biti 64; ya biti 32 haitumii RAM inayozidi GB 4. Hewa ya chumvi ya Tanga nayo hufubaza meno ya RAM (vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye nafasi): yasugue taratibu kwa raba ya penseli kabla ya kuchomeka.