Kabla hujanunua betri mpya, pima alteneta

Toyota Noah ikigoma kuwaka asubuhi, mtaa mzima utakwambia neno moja: betri. Jirani atasema betri, bodaboda aliyesimama kuangalia atasema betri, na muuza betri ndiyo usiseme. Mara nyingi ni kweli betri haina chaji. Swali la kuuliza ni kwa nini haina. Kazi ya betri ni kutunza umeme na kuutoa unapopiga stata. Injini ikishawaka, anayelisha taa, feni za AC, redio na mfumo wa mafuta, na kuirudishia betri chaji yake, ni alteneta. Alteneta ikichoka, hata betri iliyotoka dukani jana itaishiwa.

Noah yetu hapa Kigoma ni gari la kupeleka watoto shule, la sokoni Mwanga, na la kupandisha ukoo mzima Kasulu au Manyovu kukiwa na msiba au harusi. Matumizi ya namna hii yanaitesa betri kuliko watu wanavyodhani. Safari za mjini ni fupi mno: stata inachota umeme mwingi kwa mkupuo, halafu gari linazimwa kabla alteneta haijarudisha kilichotoka. Joto la huku ziwani nalo linakausha maji ya betri na kula sahani zake za ndani. Kisha siku unalala Manyovu, kule juu kwenye baridi, asubuhi ukiwasha gari linaguna tu. Watu huisingizia baridi ya usiku mmoja, kumbe joto la miezi ndilo lililoimaliza betri.

Alteneta yangu ilipoanza kuchoka, gari lilikuwa bado linawaka vizuri. Dalili ya kwanza niliiona kwenye taa za mbele. Tulikuwa tunarudi kutoka Kasulu giza likiingia, na kila nikipunguza mwendo kwenye matuta taa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinang'aa tena. Feni ya AC ya nyuma ikawa inasuasua. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilikuwa inawaka kwa mbali, hafifu kiasi kwamba mchana nisingeiona. Kesho yake fundi alifungua boneti, akaitazama betri, akaniambia, "Mama, hii imeshakufa, nikuagizie mpya?" Nikamwomba mita kwanza.

Mita ya kawaida ya kupimia umeme bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya betri, na kila mwenye gari la familia angekuwa nayo. Ila kabla ya kupima, angalia temino, yaani vichwa vya betri vinapofungwa waya. Ule ungaunga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme kupita. Legeza waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto, kausha, kisha funga ukianza na chanya, ukaze mpaka temino isizunguke kwa mkono. Fuata pia waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Ukiwa umelegea au umeoza, gari litaonyesha dalili zilezile za betri mbovu.

Sasa weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu ya chaji, na ikishuka chini ya 12 iko karibu kuisha. Mwambie mtu apige stata huku unaangalia mita. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hapo ndipo unaweza kuilaumu.

Injini ikishawaka, mita ipande. Alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kali, feni zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na redio, kisha ongeza mafuta kidogo. Isiteremke chini ya 13. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za alteneta, ndiyo mbovu na betri inachemshwa, utaona maji yake yanaisha kila mara. Yangu ilisoma 12.3 kabla ya kuwasha, na 12.1 injini ikiwa inaunguruma, na kila nilipowasha kitu iliendelea kushuka. Fundi mwenyewe aliona, akaacha habari ya betri.

Hapa nasema kwa msisitizo wote: usikubali mtu achomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka eti kuona kama alteneta inachaji. Kipimo hiki bado kinafanywa sana. Betri inazuia volti zisiruke, na ukiiondoa ghafla volti zinaweza kupanda kwa kishindo zikaunguza regyuleta, dayodi zinazougeuza umeme wa alteneta uwe wa DC, au kontroli boksi ya injini. Mzee aliyejifunza kwenye magari ya zamani ya dinamo, yasiyo na kompyuta, alikuwa na sababu zake. Kwa Noah yenye kompyuta, unaweza kuharibu kitu cha bei kubwa kwa kutafuta kosa la bei ndogo.

Kabla ya kufungua alteneta, tazama mkanda. Ukipiga kelele gari likiwaka, hasa asubuhi ya mvua, au ukiwa umeng'aa na kupasuka, hauizungushi ipasavyo. Kagua pia waya mnene unaotoka alteneta kwenda betri na fyuzi yake kubwa. Jambo jingine linalopitwa na wengi: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka kabisa, balbu imekufa au waya umekatika, na siku alteneta ikifa hutapata onyo lolote.

Yangu ilikuwa brashi, vile vipande vya kaboni vinavyogusa pete zinazozunguka ndani ya alteneta. Fundi aligonga taratibu mgongo wa alteneta kwa mpini wa bisibisi na taa ya betri ikazima papo hapo, kisha ikarudi. Tulipoifungua, brashi ambayo ikiwa mpya hujitokeza karibu sentimita moja ilikuwa imebaki kama punje ya mchele, na pete za shaba zimejaa masizi meusi na vumbi jekundu la barabarani. Pete zilisafishwa, brashi zikawekwa mpya, mita ikasoma 14.2. Kama pete zingekuwa zimeliwa, au beringi inalia, au dayodi zimeungua, ningetafuta alteneta nyingine, na hata ya mtumba ningeipima mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Kama alteneta inachaji vizuri na bado asubuhi gari limekufa, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Kwenye magari haya anza na mlango wa pembeni usiofungika vizuri ukaacha taa ya ndani inawaka, kisha redio na alamu zilizofungwa baadaye moja kwa moja kwenye betri. Halafu kabla ya kuwasha gari asubuhi, gusa alteneta. Injini ikiwa baridi na alteneta ina joto, dayodi inavujisha umeme.

Na betri ikiwa kweli imekwisha, nunua kwa kusoma namba zake. Kwenye namba kama 55D23L, ile 23 ni urefu kwa sentimita, na L au R inaonyesha upande temino zilipo. Ukikosea upande, waya haufiki. Ichajiwe kwa chaja kabla ya kufungwa. Hata betri ya zamani iliyoishiwa kabisa usiibusti kwa umeme wa gari lingine kisha ukaondoka nayo safari ndefu ukitegemea alteneta iifufue. Kazi hiyo inaipasha alteneta joto na kuiunguza.

Taa ya betri ikiwaka ukiwa njiani, tazama geji ya joto kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda uleule unazungusha pampu ya maji. Joto likipanda, simama papo hapo. Lisipopanda, zima AC, feni, redio na chaja zote za simu, na usizime injini, maana Noah ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Mchana, betri iliyojaa inaweza kukufikisha kituo cha karibu. Usiku taa za mbele zinaimaliza haraka, kwa hiyo ingia senta ya kwanza yenye watu na ulale hapo.